Udogo wa Kompyuta si Upungufu

MWAKA 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mashine hizo kulitia Taifa hasara. Marufuku hiyo imekwisha zamani, lakini funzo lake lingalipo: kabla ya kununua, na tupime.

Kwa shule za Mbulu na Hanang, kuanzia Dongobesh hadi Katesh, kipimo cha kwanza kiwe umeme. Kompyuta kubwa ya mezani huweza kula wati 100 na zaidi. Raspberry Pi ya aina ya nne, iliyotolewa Uingereza mwaka 2019, hutosheka na chaja ya wati 15, nguvu ambayo jua letu laimudu. Tena kibao chake hakina feni ya kuvuta vumbi la bara, wala hewa ya chumvi inayokula vyuma vya ndugu zetu wa Tumbatu na Kojani.

Hata hivyo, rahisi huvunja upishi. Kioo, kibodi na kadi ya kumbukumbu navyo hulipiwa. Na kadi hiyo huweza kuharibika umeme ukatikapo ghafla. Penye umeme wa uhakika, kompyuta ndogo ya ofisini iliyokwisha tumika, ambayo kumbukumbu yake yaweza kuongezwa, huenda ikafaa zaidi.

Tunawasihi watendaji wa elimu, Bara na Visiwani, wasihadaiwe na ukubwa wa sanduku. Waulize: inakula wati ngapi, vipuri vitatoka wapi, na nani kijijini ataitengeneza? Mashine iliyofungiwa stoo haimfundishi mtoto hata herufi moja.