UDONGO WETU WASAFIRI MPAKA MALINDI
(Na mwanafunzi wa Kidato cha 3)

Ndugu msomaji, labda hujawahi kuiona bahari, lakini shamba lenu limekwisha fika huko!

Mvua ya Novemba ikinyesha hapa Mbooni, maji huteremka yakiwa mekundu kama uji wa wimbi. Huingia mto Athi. Mto huo ukipita Tsavo huitwa Galana, na karibu na pwani huitwa Sabaki. Mwisho humwagika katika Bahari ya Hindi, kaskazini mwa Malindi, na bahari hugeuka rangi ya kahawia.

Udongo huo si vumbi tupu. Una mboji, yaani majani yaliyooza, mizizi na samadi. Ndani ya mboji mna kaboni ambayo mimea iliivuta kutoka hewani. Hiyo ndiyo rutuba yenyewe.

Je, ikifika baharini huwaje? Kwanza, nyingine huliwa na bakteria, na kaboni hurudi hewani kama kaboni dioksidi, gesi inayoongeza joto duniani. Pili, nyingine huzama ikazikwa chini. Tatu, matope yakizidi huzuia mwanga, na nyasi za baharini na matumbawe hudhoofika. Nyasi hizo ni ghala la kaboni na makao ya samaki. Basi shamba limepoteza na bahari imeumia.

Ghala jingine ni mikoko. Mizizi yake hunasa matope. Ndani ya matope hayo oksijeni ni haba, kwa hivyo majani huoza polepole mno na kaboni hukaa humo mamia ya miaka. Wanakijiji wa Gazi, Kaunti ya Kwale, waliutambua utajiri huo. Mwaka wa 2013 walianza mradi wa Mikoko Pamoja, wakalinda hekta 117 na kuuza hati za kaboni. Pesa zikaleta maji na vitabu vya shule.

Sisi wa milimani hatuna mikoko, lakini tuna matuta ya "fanya juu". Unachimba mtaro kukata mteremko, unatupa udongo upande wa juu, kisha unapanda majani ya ng'ombe. Wazee wetu waliyachimba kwa mwethya, na mengine sasa yamebomoka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenzangu, Jumamosi tushike majembe. Samaki wa Malindi hawatatushukuru, lakini mahindi yetu yatatushukuru!