Kombora la kupiga kifaru: lilianzia wapi, na linafanyaje kazi?

Tangu vita ya Ukraine ilipopamba moto Februari 2022, taarifa za habari zimekuwa zikitaja majina kama Javelin na Kornet. Hayo ni makombora ya kupiga vifaru, yale yanayoongozwa mpaka yafike kwenye shabaha. Kwa msikilizaji wa Sumbawanga, Laela au Kasanga, huko ni mbali. Lakini wazee wetu waliokwenda vita ya Kagera wanajua maana ya kukutana na kifaru.

Wakati wa Kagera

Machi 10, 1979, huko Lukaya, kati ya Masaka na Kampala, brigedi ya 201 ya JWTZ ilishambuliwa na msafara wa askari wa Libya waliotumwa kumsaidia Idi Amin. Walikuja na vifaru vya T-55 na roketi za Katyusha. Wanajeshi wetu walirudi nyuma usiku ule. Kesho yake brigedi ya 208 ilizunguka, ikawapiga kutoka ubavuni, na Walibya wakashindwa.

Silaha ya begani iliyozoeleka Afrika dhidi ya kifaru wakati huo ilikuwa RPG-7. Roketi yake ikishatoka haiongozwi tena, inakwenda ilikoelekezwa. Kwa hiyo mpigaji hulazimika kukisogelea kifaru kinachotembea hadi mita 300 hivi, akiwa ndani ya uwezo wa bunduki za adui.

Kombora linaongozwaje?

Wajerumani walianza kujaribu kombora la aina hii mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, na Wafaransa wakaliingiza jeshini miaka ya 1950. Tangu hapo yamepita katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kuongoza kwa mkono. Malyutka la Urusi ya Kisovieti lilivuta nyuma yake waya mwembamba, na askari aliliongoza kwa usukani mdogo. Kufika kilomita 3 lilichukua kama sekunde 25, na muda wote huo hakutakiwa kutetemeka. Hata hivyo, Oktoba 1973 askari wa miguu wa Misri walilitumia kuharibu vifaru vingi vya Israeli.

Hatua ya pili, askari huweka tu alama ya darubini juu ya kifaru, na mtambo hurekebisha mwendo wa kombora. Ndivyo yalivyo TOW la Marekani na Milan la Ufaransa na Ujerumani. Kornet la Urusi hufuata mwale wa leza na hufika zaidi ya kilomita 5.

Hatua ya tatu ni Javelin. Kamera yake inaona joto la injini, inashika umbo la kifaru kama simu yako inavyoshika uso wa mtu kwenye picha, kisha kombora linakwenda lenyewe. Linapanda juu na kushukia paa, ambako chuma ni chembamba. Aliyepiga anaweza kukimbia mara moja.

Karibu yote hutoboa kwa njia moja. Baruti hulipuka nyuma ya faneli ya shaba na kuigeuza mchirizi mwembamba wenye kasi kubwa mno, kama maji ya mpira uliobanwa mdomo.

Libya yakutana na Toyota

Miaka minane baada ya Lukaya, vifaru vya Libya vilikuwa Chad. Januari 2, 1987, huko Fada, wapiganaji wa Chad waliokuwa kwenye pikapu za Toyota, wakiwa na makombora ya Milan, waliharibu vifaru vinavyokadiriwa kuwa zaidi ya 90. Vita ile hadi leo inaitwa Vita ya Toyota. T-55 moja hubeba watu wanne. Kombora moja la Javelin linauzwa zaidi ya bei ya trekta jipya, lakini kifaru kinauzwa kwa mamilioni ya dola. Ndiyo maana hata nchi maskini huyatafuta makombora haya.

Linatuhusu nini?

Si kila kombora hulipuka linapoanguka. Lililobaki ardhini linaweza kuua miaka mingi baadaye, na ndivyo ilivyo kwa mabomu yote. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu aliloliokota mwanafunzi akidhani ni chuma chakavu lililipuka na kuua watoto. Vyuma chakavu hununuliwa vijijini kwetu pia, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo, vita haijaisha.

Ukiona shambani, ufukweni au kwenye mzigo wa vyuma kitu chenye mapezi, bomba lenye waya au chuma chenye ncha usichokifahamu:

– Usikiguse, usikigonge, usikichome, wala usikipime kwenye mizani.
– Rudi kwa njia uliyojia, weka alama kwa mbali na uwazuie watoto.
– Mwambie mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, au piga simu polisi namba 112. Wao watawaita wataalamu wa jeshi.

Kilo chache za chuma haziwezi kulipa mkono wa mtoto.