Goti la Fundi na Kanyagio Lake

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii wazee wetu waliitunga kusifu akiba, nasi katika ukurasa huu tumeitumia mara nyingi kuwahimiza wananchi waweke fedha zao katika vyama vya ushirika. Leo twapenda kuitumia kwa jambo jingine. Maumivu nayo hujaza kibaba. Hayaji yote siku moja kama mafuriko ya masika. Huja tone kwa tone, mpaka asubuhi moja mtu mzima mwenye nguvu zake ashindwa kushuka kitandani bila kushika ukuta.

Jambo lililotufikirisha hivyo lilianza kwa mchezo. Miezi michache iliyopita tulikwenda kumtazama mtoto wa ndugu yetu, kijana wa miaka ishirini, hapa Dar es Salaam. Tulimkuta chumbani ameketi mbele ya kompyuta, mikononi ameshika usukani, na miguuni pake pana makanyagio yaliyofungwa juu ya ubao. Alikuwa akiendesha gari la mashindano ambalo halipo. Vijana huiita mashine hiyo simuleta, yaani kiigizo cha gari. "Shikamoo baba mkubwa," alisema, akainuka kutupokea. Nasi tukaona ya kuwa anachechemea. Tulipomwuliza, alijibu kwa haya kwamba goti la kushoto lamwuma mbele, penye pia ya goti, tangu alipopata breki mpya.

Tulikuwa karibu kumkaripia kwa kuumizwa na mchezo. Walakini yatupasa kusema haki: mchezo huo si upuuzi mtupu. Mwaka 1997 ulitolewa nchini Japani mchezo uitwao Gran Turismo, na mwaka 2008 kampuni za Nissan na Sony zilianzisha shindano la kutafuta madereva miongoni mwa waliokuwa wakiucheza. Mshindi wa kwanza, Lucas Ordóñez wa Hispania, alitoka sebuleni akapanda gari la kweli la mashindano. Nasi wa Afrika Mashariki, ambao tangu mwaka 1953 tumesimama kando ya barabara zenye vumbi kutazama Safari Rally, hatuwezi kumcheka kijana apendaye usukani.

Kosa lake lilikuwa katika namna ya kuketi. Breki za namna ile mpya hazipimi kanyagio limeshuka umbali gani, bali hupima limesukumwa kwa nguvu kiasi gani. Dereva wa Formula 1 apunguzapo mwendo kwa ghafula husukuma breki kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 100. Lakini kiti chake kimefinyangwa kwa umbo la mwili wake, amefungwa mikanda, amejizoeza kwa miaka, na husukuma kwa nukta chache tu. Kijana wetu aliitaka nguvu ile ile hali ameketi juu ya kiti cha ofisini chenye magurudumu. Kila aliposukuma, kiti kilirudi nyuma, na mguu ukafanya kazi mbili: kukanyaga breki na kukizuia kiti.

Hakuhitaji mganga. Alikifunga kiti kisisogee. Aliyasogeza makanyagio hata goti likabaki limekunjika kidogo breki ilipofika mwisho. Aliweka kisigino sakafuni, badala ya kuuning'iniza mguu hewani. Katika programu ya mashine alipunguza nguvu inayotakiwa, hata ikawa kiasi awezacho kukirudia mara nyingi bila kukaza meno. Tena akajifunza kuondoka kitini kila baada ya muda. Tulipomwona tena baada ya wiki kadhaa alikuwa akitembea sawasawa.

Tulitoka kwake na swali moja. Ikiwa vijana wachezao wamejua kupima kiti, kanyagio na goti kwa sababu ya mchezo, ni nani aliyempimia mtu ambaye kanyagio ndilo chakula chake?

Katika baraza moja ya Kariakoo yuko fundi cherehani ambaye ametushonea nguo kwa miaka mingi. Umri wake umepita sitini. "Shikamoo mzee," tulimwamkia. "Marahaba, ndugu mhariri," aliitika bila kuinuka, na hapo ndipo tulipotambua ya kuwa kwa muda mrefu hatujamwona akiinuka kupokea mteja. Kiti chake kilikuwa kreti la soda lililowekewa mto mwembamba. Magoti yake yalipanda juu kuliko nyonga zake, mgongo ulikuwa umepinda kama upinde, na vidole vya miguu ndivyo vilivyokuwa vikisukuma kanyagio. "Mguu ndio injini yangu," alituambia. "Usiku magoti yawaka moto. Nimewaza kuiuza cherehani baada ya msimu wa sare za shule." Mzee huyu anasomesha wajukuu wawili kwa cherehani hiyo.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme fundi akanyaga mara 100 kwa dakika, na kwa siku nzima, ukitoa muda wa kukata, kupiga pasi na kuzungumza na wateja, miguu yake iko kazini saa 4 tu. Mara 100 kwa dakika 60, kwa saa 4, ni mara 24,000. Kwa siku sita za juma ni mara 144,000. Kosa dogo la kuketi, ambalo kwa mkanyago mmoja halina uzito wa unyoya, likirudiwa hivyo lawa mzigo wa gunia. Hiki ndicho kibaba tulichokitaja.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kuhusu maradhi ya wafanya kazi, na ndani yake akawataja washona nguo na washona viatu ambao kazi ya kuketi huwapinda migongo. Wakati huo cherehani ya kanyagio haikuwako. Isaac Singer wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi wa cherehani yake mwaka 1851, na kanyagio likaiacha huru mikono yote miwili ya mshonaji ishike kitambaa. Hiyo ilikuwa baraka kubwa. Lakini kazi iliyoondolewa mkononi haikupotea, ilishushwa mguuni.

Goti ni bawaba ya mwili. Mbele yake iko pia ya goti, ambayo huteleza juu ya mfupa wa paja, na kati yao pana gegedu, yaani nyama ngumu laini inayozuia mifupa isisagane. Mtu asukumapo kitu kwa mguu hali goti limekunjika sana, pia ya goti hukandamizwa kwa nguvu juu ya mfupa. Akisukuma hali mguu umenyooka kabisa, goti hujifunga kama mlango uliotiwa komeo, na mshtuko hupanda nyongani na kiunoni. Usalama uko katikati. Kadhalika kifundo cha mguu: kikiinuliwa hewani kwa muda mrefu, misuli ya mbele ya mguu huchoka, vidole vikisukuma peke yake, kano ya kisigino hulemewa.

Kwa hiyo twawapa mafundi wetu mashauri haya, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kiti. Kiwe na kimo ambacho mapaja yatalala sawa, au yatainama kidogo kuelekea mbele, magoti yasipite nyonga kwa kimo. Kiti kikiwa kifupi, ubao wa seremala chini ya miguu yake watosha. Chenye egemeo ni bora kuliko kreti. Kisiwe mbali na mashine hata fundi akalazimika kunyoosha miguu, wala karibu hata magoti yakagonga meza.

Pili, miguu. Unyayo wote ukae juu ya kanyagio, mguu mmoja ukitangulia mwingine kidogo, na mwendo utoke katika vifundo, kisigino na vidole vikipokezana. Asiinue mapaja kila akanyagapo. Baada ya muda abadili mguu utanguliao. Kiatu chenye kisigino kirefu hakifai kwa kazi hii.

Tatu, mashine yenyewe. Cherehani kavu humla fundi. Mafuta yatiwe kila siku ya kazi katika matundu ya kichwa cha mashine, na pia chini, penye egemeo la kanyagio na gurudumu kubwa, mahali ambapo wengi hupasahau kwa kuwa hapaonekani. Mkanda ukikazwa mno, mguu hulipa. Ukilegea mno, huteleza, na mguu hulipa tena. Ipime hivi: inua kikanyagio cha kitambaa, ondoa uzi, kanyaga mara chache kisha uache. Gurudumu lapaswa kuendelea kuzunguka kidogo kwa nguvu yake lenyewe. Likisimama papo hapo, mashine yaomba mafuta au mkanda wataka kutazamwa.

Nne, mapumziko. Kila nusu saa fundi asimame, anyooshe miguu, atembee hatua chache. Kazi ya kukata na ya kupiga pasi aifanye kwa kusimama, tena aichanganye na kazi ya kushona, asishone asubuhi yote ndipo akate jioni yote. Goti lisilo na maumivu makali hufaidika kwa mazoezi mepesi: kuinuka kitini na kuketi polepole mara kumi, au kuinua mguu ulionyooka hali umelala chali. Misuli ya paja ikiwa imara, goti hupunguziwa mzigo.

Wako watakaosema, fundi na anunue mota ya umeme, mambo yamekwisha. Mota ni msaada mkubwa, nasi twatamani kila fundi awe nayo. Hata hivyo nayo ina kanyagio, na kanyagio hilo hushikwa na mguu mmoja tu, ukiwa umening'inia saa nyingi kama mguu wa kijana wetu wa simuleta. Mwenye mota naye na apumzishe kisigino sakafuni, na kanyagio alisogeze mbele ya goti, lisikae pembeni. Maneno haya haya twawaambia madereva wetu wa malori na daladala: msongeni kiti, msiisonge klachi. Kiti kikiwa mahali pake, mguu wa kushoto hautanyooka kabisa kila mbadilishapo gia katika msongamano wa magari.

Hapa hatuna budi kutoa onyo. Wengi wakiumwa hukimbilia dukani kununua vidonge vya diklofenaki na vinginevyo vya jamii hiyo, wakavimeza kila siku kama karanga. Dawa hizo zikitumiwa muda mrefu bila shauri la tabibu huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Tena huyanyamazisha maumivu hali sababu yake ingali pale pale chini ya meza. Na si kila goti liumalo limeumizwa na kanyagio. Goti likivimba, likiwa jekundu na la moto, likikwama lisikunjuke, likiambatana na homa, au viungo vikikakamaa kwa muda mrefu kila asubuhi, mtu aende hospitali asichelewe. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma ghafula kwa mtu aketiye sana, au akapata shida ya kupumua, aende siku ile ile.

Sasa twaligeukia jambo la umma. Nchi yetu inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Sheria hizi ni njema. Lakini fundi wa barazani hana mwajiri wa kumchangia fidia, na ni nadra mkaguzi kusimama mbele ya kreti lake. Yeye mwenyewe ni tajiri na ndiye kibarua. Magoti yake yakifa, kiwanda chake kimefungwa, na hakuna gazeti litakaloiandika habari hiyo.

Kwa hiyo twatoa mapendekezo matatu. Vyuo vya VETA vifundishavyo ushonaji vimfundishe mwanafunzi kuketi siku ya kwanza, kabla hajafundishwa kutia uzi katika sindano. Vikundi vya mafundi vinavyopata mikopo ya halmashauri vinunue viti pamoja na mashine, kwa maana mashine bila kiti ni nusu ya chombo. Na matawi yetu ya chama, ambayo hayakosi maseremala miongoni mwa wanachama, yafanye siku moja ya kujitolea: seremala na msumeno wake, fundi na cherehani yake, wapimiane. Mbao chache na saa moja ya kazi haziwezi kutushinda sisi tuliozoea kujenga madarasa kwa nguvu zetu.

Kwa upande wetu tulianza palipo karibu. Tulimwita seremala wa jirani, akampimia yule mzee kiti chenye egemeo. Kreti likarudishwa kwa mwenye soda. Tulilala chini, tukaacha heshima ya suti yetu, tukatia mafuta egemeo la kanyagio, ambalo lilikuwa limekauka na kuliwa na kutu. Goti lake la kulia limepoa. La kushoto bado lamsumbua, naye amekubali kwenda hospitali kulitazamisha badala ya kuongeza vidonge.

Juma lililopita tulipita tena. Alikuwa akishona sare za shule, bluu na nyeupe, zimepangwa mpaka kiunoni. Tulimwuliza habari ya kuiuza cherehani. "Ngoja kwanza niwamalizie hawa watoto," alisema. Kisha aliinuka, polepole lakini bila kushika ukuta, akaenda mezani kukata kitambaa kwa kusimama.