Fahamu: Shule ya mkoloni na mtaala mpya wa Tanzania

Mjerumani alipofungua shule Tanga miaka ya 1890, hakuwa akitafuta wanazuoni. Alitaka makarani, wakalimani na maakida wa kumkusanyia kodi, na alifundisha kwa Kiswahili kwa sababu kilimrahisishia kazi. Mwingereza naye alizigawa shule kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa miaka ya 1920, ililenga hasa watoto wa machifu. Julius Nyerere alipita pale. Mtoto wa mkulima wa kawaida, akibahatika kuingia shule, mara nyingi aliishia darasa la nne, kisha akarudi kwenye jembe.

Uhuru ulifuta ubaguzi huo, na 1967 ikaja sera ya Elimu ya Kujitegemea. Leo shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha sita. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, inaweka elimu ya lazima ya miaka 10, huku elimu ya msingi ikipunguzwa hadi miaka sita. Katika mtaala mpya, sekondari ina mkondo wa amali pia: ufundi, kilimo na kadhalika. Wapo wanaonung'unika kwamba huku ni kurudi kwenye jembe la mkoloni. Si kweli, mkoloni hakumpa mtoto nafasi ya kuchagua.

Lugha ndiyo kiporo. Mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, halafu kidato cha kwanza anakuta baiolojia kwa Kiingereza, anakariri asichokielewa. Hilo mtaala mpya haujaligusa.