Kupima Mtoto kwa Jicho, Si kwa Saa

Wazazi wengi hudhani kwamba somo la michezo shuleni ni mapumziko tu, na kwamba mtoto huzaliwa akijua kukimbia na kutupa kama azaliwavyo akijua kulia. Sivyo. Kudaka, kutupa na kuruka kwa ustadi ni mambo ya kufundishwa, na lifundishwalo halina budi kupimwa.

Kosa liko katika namna ya kupima. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, mwalimu aliwapanga watoto wa darasa la pili kiwanjani, saa mkononi, akawaandika tangu wa kwanza hata wa mwisho. Wa mwisho alikuwa mwana wa ndugu yangu. Tangu hapo, kila siku ya michezo tumbo lilimwuma. Saa ilimwambia mwalimu kwamba mtoto huyu ni mzito. Haikumwambia kwa nini.

Iko njia iliyo bora. Mwaka 1985 mtaalamu wa Marekani, Dale Ulrich, alitoa kipimo cha watoto wa miaka 3 hadi 10. Toleo lake la tatu lina stadi 13: sita za mwendo na saba za mpira. Mpimaji haulizi mtoto amefika lini, bali amefikaje. Mtoto huonyeshwa, hujaribu mara moja bila kuandikiwa, kisha hufanya mara mbili za kuhesabiwa. Kila dalili ikionekana hupewa 1, isipoonekana 0.

Tuchukue kutupa mpira kutoka juu ya bega. Je, mkono umeanza kwa kushuka? Kiuno na mabega yamegeuka? Mtoto amepiga hatua kwa mguu ulio kinyume cha mkono utupao? Baada ya kuachia mpira, mkono umekatiza mwili kuelekea nyonga ya pili? Mwalimu atazamaye hivi anajua la kufundisha kesho.

Mtaala wa umilisi, ulioanza Gredi ya 1 nchini Kenya mwaka 2019, uliwapa walimu viwango vinne, tangu kuzidi matarajio hata kuwa chini yake. Ni vyema, ila neno "chini" likiandikwa peke yake halishindi ile saa.

Huenda mwalimu mwenye watoto sitini akacheka. Basi na atazame watano kwa siku, stadi moja, wengine wakiruka kamba. Mpira wa matambara watosha kwa kufundishia. Asilinganishe tu jumla zake na majedwali ya kipimo hicho, maana yalitokana na watoto wa Marekani.

Mwalimu mwingine alimtazama kijana wetu, akaona mikono imening'inia na nyayo zikitua bapa. Akamfundisha kukunja viwiko, na kupeleka mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto. Hajapata kuwa wa kwanza, wala sidhani atakuwa; lakini siku za michezo yeye ndiye amwamshaye mama yake.