Sare za Mwanza: faida ipo kwenye jora moja

Katika mitaa ya Igoma, Buhongwa na Kirumba, cherehani nyingi hazipo dukani. Zipo sebuleni na barazani, na kazi inayozilisha ni sare: za shule, kwaya, vikoba na timu za mtaa.

Kazi hiyo ina misimu. Januari ni shule. Elimu bila ada iliyoanza 2016 iliondoa ada, lakini sare ilibaki juu ya mzazi. Machi 8 akina mama wanataka vitenge vya kufanana, na Mei Mosi ni zamu ya wafanyakazi. Katikati ya mwaka huja michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, kisha Desemba kwaya na harusi.

Jezi za mpira kwa kiasi kikubwa zimeshamponyoka fundi wa nyumbani. Zinaingia seti nzima kutoka China, namba zikibandikwa kwa mashine ya joto. Kinachomfaa ni bukta, sketi za netiboli na traki suti, kwa kuwa hapo vipimo vya mvaaji vina uzito.

Faida ya sare hutokana na kurudia. Fundi hukata vipande vyote kwa vielelezo vya boksi gumu, halafu anashona kola zote, mikono yote, mwisho vifungo. Uzi haubadilishwi na mabaki hupungua. Sharti ni kununua kitambaa cha oda nzima kutoka jora moja au majora yaliyotiwa rangi pamoja. Vinginevyo bluu ya safu ya mbele haitafanana na ya nyuma.

Sharti hilo ndilo linalomfilisi. Kitambaa kinataka fedha taslimu, mteja anataka kulipa baada ya kuvaa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyositishwa 2023 na kurejeshwa 2024, hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fundi aliye peke yake hukopa kwa jirani au huacha oda.

Jambo linalouma zaidi ni kwamba Kanda ya Ziwa ndiyo nyumba ya pamba ya Tanzania, na sehemu kubwa ya pamba hiyo husafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Fundi anayeishi jirani na mashamba hununua tetroni iliyovuka bahari.

Soko lenyewe linapanuka. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwenye njia ya Sengerema na Geita, hivyo wateja wa huko wanafikika kwa urahisi.

Mafundi wajisajili katika vikundi. Halmashauri nazo zitekeleze kwa vitendo asilimia 30 ya ununuzi wa umma iliyotengwa kisheria kwa makundi maalumu, na zigawe zabuni za sare katika mafungu madogo. Nawe kiongozi wa kwaya au timu, lipa nusu siku ya kupimwa. Fedha hiyo ndiyo kitambaa chako.