Picha ya Matiti kwa Mara ya Kwanza: Haya Isitufungie Mlango



Miongoni mwa maswali yaletwayo na akina mama baada ya darsa, moja larudi mara kwa mara: je, yajuzu mwanamke ambaye haumwi popote kwenda kufunua kifua chake ili apigwe picha?

Jawabu ni kwamba yajuzu. Picha hiyo huitwa mamogramu, nayo ni eksirei ya matiti inayoweza kuonyesha uvimbe mdogo mno usiohisika kwa mkono. Saratani ya matiti huwapata wanawake wengi wa Kenya kuliko saratani nyingine yoyote, na mwanzoni mwake aghalabu haina maumivu. Basi asemaye “nitakwenda nikiumwa” yamkini atakwenda ugonjwa umekwisha kukomaa. Ukigunduliwa mapema, matibabu huwa mepesi zaidi, na mara nyingi titi lenyewe husalimika. Wizara ya Afya yashauri kipimo hiki kianze mwanamke afikapo miaka 40. Aliye chini ya umri huo akihisi uvimbe, asingoje; daktari aghalabu humwanzia kwa altrasaundi. Na ambaye mama au dada yake aliugua, amweleze daktari mapema.

Ama kuhusu sitara, sheria iliyotuamrisha kujistiri ndiyo hiyo hiyo iliyotuhimiza kutafuta dawa. Wanazuoni wameweka utaratibu ulio wazi: mwanamke ahudumiwe na mwanamke mwenziwe. Akikosekana, basi mwanamume mwaminifu, kwa kiasi cha haja tu na bila ya khalwa. Kwa hivyo, kabla ya kuchukua miadi, uliza: “Mpiga picha ni mwanamke? Yuko siku gani?” Swali hilo si la kuonewa aibu, na vituo vingi vimelizoea.

Siku ifaayo ni takriban wiki moja baada ya hedhi, kwani matiti huwa hayana maumivu mengi. Asubuhi hiyo usijipake poda, marashi wala dawa ya kuzuia jasho kifuani na makwapani, kwa sababu chembe zake huweza kuonekana pichani kama dalili ya ugonjwa. Chini ya buibui vaa blauzi na sketi badala ya gauni, ili ufunue juu tu, na uchukue leso ya kujitandia. Ikiwa una mimba au wanyonyesha, sema kabla ya kuanza.

Ndani ya chumba utasimama mbele ya mashine. Titi huwekwa juu ya kibao, na kibao cha pili hushuka kulibana kwa sekunde chache. Kubanwa huko huuma kidogo, lakini hupita upesi. Kila titi hupigwa picha mbili kwa kawaida, na miale itumikayo ni kidogo. Ukiwa umefunga, saumu yako haiharibiki, kwani hapana kinachoingia mwilini kwa njia ya kufunguza. Na ukiguswa na mwanamke mwenzio, udhu wako ungalipo.

Ukiitwa tena kwa picha zaidi, usianze kuandika wasia kwa hofu. Wengi waitwao tena hawana saratani. Kwa mara ya kwanza jambo hili hutokea zaidi, maana hapana picha ya zamani ya kulinganisha. Kwa hiyo zihifadhi picha zako kwa miaka ijayo. Hata majibu yakiwa mema, ukihisi baadaye uvimbe mpya, ngozi imebonyea au chuchu yatoa damu, rudi kwa daktari, kwani hakuna kipimo kinachoona kila kitu.

Enyi waume, wako wake wanaochelewa si kwa kuogopa mashine, bali kwa kungoja ruhusa na nauli. Mwanamume aliyekabidhiwa amana asingoje kuombwa. Muulize mkeo, mtengee fedha, fuatana naye hadi mlangoni. Wivu wa mume ni kumlinda mkewe, na kumwachia maradhi si kumlinda.

Nanyi wazazi, kumbukeni kwamba Bibi Rufaida al-Aslamiyya (R.A.) aliwauguza majeruhi zama za Mtume (S.A.W.), na Sa‘d bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq aliwekwa katika hema lake. Tukitaka wake zetu wahudumiwe na wanawake, hatuna budi kuwasomesha binti zetu kazi hizi. Tukiwakataza, tusilalamike tumkutapo mwanamume chumbani.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mama zetu walilijua hilo walipotuzaa, wala haya zao hazikupungua. Wiki hii, kila nyumba yenye mwanamke aliyefika miaka 40 na iulizane: miadi ni lini?

Allah awape afya na sitara. Wabillahi tawfiq.